Firewall ya cyber yetu Lodwar ilivyomnyamazia Espérance wa Kakuma

Ting.

Hiyo sauti ningali naisikia, wakuu. Ejok, ndiyo salamu yetu Waturkana, kutoka Lodwar, joto letu mnalijua. Haya nayosema yametokea, na kama kuna chumvi humu basi ni ya jasho tu.

Nafanya kazi kwenye cyber ya Mzee Wafula, mtu wa Bungoma aliyekuja huku kuuza simiti akaishia kuuza internet. Masomo yangu ni form four, ndoto yangu ni kuwa engineer wa network, kwa hivyo nikadownload firewall ya bure. Kila kompyuta ya mbali ikijaribu kuingia kwetu bila ruhusa, inalia: ting.

Ililia kutwa. Watu wa ng'ambo walikuwa wameigundua Lodwar kabla ya lami.

Na vile mafuta yalikuwa yamepatikana Turkana mwaka huo, Mzee akaona ameelewa kila kitu.

"Wanatafuta mafuta kwa kompyuta yangu," akasema. "We msichana, fanya wasijue hata kama tuko."

Nikaingia settings. Mgeni usiyemtaka akibisha, unaweza kumkatalia: kompyuta inamjibu papo hapo kwamba mlango umefungwa. Ama unanyamaza kabisa, abishe mpaka achoke. Hiyo ya pili inaitwa stealth.

Jina tamu hivyo, ningeliacha?

Nikaweka stealth kwa kila mtu, nikazima ting, nikajiona tayari niko Nairobi ndani ya lift, kadi ya kazi shingoni.

Sasa, Mzee ana tawi Kakuma, kule kwenye kambi ya wakimbizi. Analiendesha Espérance, dada wa Kongo, mpole hadi unamwonea huruma. Kompyuta yake huingia kwa yangu kuchukua scan za wateja. Ile "kila mtu" yangu ilikuwa na Espérance ndani.

Asubuhi iliyofuata mama mmoja akaleta cheti cha bintiye Akiru. Akiru alikuwa Kakuma, ambako ofisi fulani ilitaka karani, na siku ya mwisho kupeleka vyeti ilikuwa hiyo hiyo. Nikascan. Mama akakaa kwenye benchi.

"Imefika?"

"Imefika kitambo, mama." Uhakika wa engineer.

Mtauliza mbona sikutuma kwa email. Ningetuma, kama kuna mtu angeniambia imekwama. Kompyuta yangu ingesema hapana, Espérance angenipigia hapo hapo. Lakini ilinyamaza. Na Kakuma, mtu akiona kitu kinazunguka kwa screen anajua ni network, anakunja mikono. Kungoja wanakujua. Wengine huko ndiyo kazi pekee waliyowahi kupewa.

Alasiri ndipo akapiga.

"Dada, network ya kwenu njo hivi leo? Iko inazunguka tu."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Niliona haya kukusumbua. Akiru iko hapa, anasema tungoje kidogo tena."

Nikakumbuka stealth. Nikaifungulia Kakuma njia, cheti kikaenda kabla sijapumua. Akiru akakimbia nacho, akakuta geti linafungwa. Askari alikuwa na adabu sana.

"Acha namba, utapigiwa."

Wakuu, anangoja hiyo simu mpaka leo. Ofisi nayo iko stealth.

Mamake hakunigombeza. Aliuliza tu, "Na ile uliniambia imefika, mwanangu, ilifika wapi?"

Hilo swali bado ninalo.

Najua wataalamu mtakuja hapa kuniambia kunyamaza ndiyo security. Karibuni, nitasoma zote, na nitamjibu kila mmoja, hata wa matusi. Nilichojifunza ni hiki: ukimfungia mtu mlango, mwambie umefunga, atafute njia nyingine kungali mapema.

Jioni ile Mzee alienda kula, cyber ikabaki tupu. Espérance nilishamweka kwa wanaoruhusiwa. Kwa wengine wote nikatoa stealth, nikaweka ile ya kukatalia. Halafu nikahamia kompyuta ya pili, nikabisha kwa ile ya kwanza.

Ikanijibu papo hapo: umekataliwa.

Nikabisha tena.