Njoo, Njoo, Hapo Hapo

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bwana Mmh, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Umeamkaje? Mmh. Kabati langu limekwisha? Mmh. Umesikia jirani kajifungua mapacha? Mmh. Alikuwa seremala, na mbao hazimdai mtu mazungumzo. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa kinyume chake kabisa. Yule angeweza kupiga soga hata na cherehani yake, na tangu kitinda mimba wao aolewe na kuhama, mara nyingi ndivyo alivyofanya.

Kilichomtoa Bwana Mmh katika utulivu wake ni pikapu. Ilikuwa kuukuu, mlango mmoja haufunguki ila kwa ndani, lakini ndiyo iliyopeleka vitanda na makabati kwa wateja. Ijumaa mkaguzi wa magari aliizunguka mara mbili, akamwambia atie gia ya rivasi, akainama nyuma, akatikisa kichwa.

"Taa za rivasi haziwaki, mzee. Nakupa mpaka Jumatatu. Zisipowaka, gari hili lisionekane tena barabarani."

"Mmh," akajibu, lakini safari hii alijiuliza: Nani angekuja kubeba kitanda begani?

Kusema kweli taa hizo zilikuwa na miaka minne hazijawaka, naye hakujali. Kila jioni akifika langoni alipiga honi mara moja, mkewe akatoka mbio, sindano bado imechomekwa kifuani, akasimama nyuma ya gari na kuanza: "Njoo! Njoo! Kata kulia kidogo, njoo... hapo hapo, mzee wangu!" Ua lilikuwa jembamba, ubavuni ukuta, mwisho wake pipa la maji. Katika miaka yote hiyo hakuligusa lile pipa hata siku moja.

Jumamosi asubuhi alivaa ovaroli, akatega mawe kwenye magurudumu na kufungua boneti.

"Si umpelekee fundi umeme tu?" mkewe akauliza kutoka dirishani.

"Mmh," akasema, na hii ilikuwa mmh ya kukataa. Alikuwa ameshaingiwa na hamu ya kujua.

Alianza na balbu. Akazichomoa zote mbili, akazigusisha kwenye betri moja moja. Zikawaka vizuri tu. Akakagua fyuzi, nzima. Basi ni swichi, akajiambia, ile iliyo ubavuni mwa giaboksi, inayobonyezwa gia ya rivasi ikiingia. Akaingia uvunguni, akazichomoa nyaya zake mbili na kuziunganisha kwa kipande cha waya, ili umeme upite bila swichi. Akatoka kutazama nyuma. Giza. Swichi haina kosa.

Alijikuna kichwa, akatabasamu. Umeme unatoka kwenye swichi, taa ni nzima, lakini umeme haufiki. Unaishia wapi?

"Chai ipo," mkewe akasema. Baadaye: "Jua kali, pumzika." Kisha akanyamaza kabisa, hata cherehani haikusikika, na hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu makini. Lakini umakini wote wa Bwana Mmh ulikuwa kwenye waya mwekundu. Alilala chali, akaufuata kwa vidole inchi kwa inchi kupitia tope lililokauka, mpaka juu ya tairi la akiba. Hapo ukakoma.

Haukuwa umeliwa na kutu wala panya. Ulikuwa umekatwa kwa mkasi. Ncha zote mbili zilikuwa zimeviringishwa utepe mweusi zisije zikapiga shoti, na juu ya utepe kukafungwa uzi wa kijani, kwa fundo dogo lililopigwa mara mbili. Bwana Mmh alilitazama lile fundo, kisha akainamisha macho kwenye kifungo cha ovaroli yake. Fundo lilikuwa lile lile.

Hasira ilimpanda, akagonga kichwa kwenye chesisi. Hasira ikashuka, udadisi ukabaki pale pale. Akatoka uvunguni na kumkuta mkewe amesimama, mikono imeshika aproni.

"Kwa nini?" akauliza. Yalikuwa maneno mawili mazima.

"Zilipokuwa zinawaka ulikuwa unaingiza gari mwenyewe. Unanawa, unakula, unalala. Siku nzima naambulia mmh tatu." Akaiachia aproni. "Halafu balbu zikaungua, ukaniita nikuelekeze. 'Bado? Nafasi ipo? Nikate wapi?' Ukanisemesha wiki nzima! Ulipoweka mpya, nikaona basi, yamekwisha. Waya niliujua, si mimi niliyekushikia tochi ulipokuwa unaufunga? Nikaukata. Wewe ukadhani balbu zimeungua tena, ukaachana nazo. Nilikuwa mpweke, mzee wangu. Sikujua nikuambieje."

Bwana Mmh alifuta mikono kwenye ovaroli. Aliona aibu, aibu ya kweli. Alirudi uvunguni, akaunga waya, na taa zikawaka nyeupe pe. Mkewe aliziangalia mara moja, akaingia ndani.

Jumatatu mkaguzi alibandika stika bila maneno mengi. Jioni pikapu ilifika langoni, ikageuza, taa za rivasi zikamulika ua wote mpaka kwenye pipa. Honi ikalia.

Mkewe akatokeza kichwa mlangoni. "Unaniitia nini? Si taa zinawaka?"

"Zinawaka, lakini hazisemi. Njoo unielekeze."

Akatoka, polepole, akasimama mahali pake pa siku zote. "Haya. Njoo. Njoo..."

"Yule mkaguzi kaniuliza kosa lilikuwa wapi," Bwana Mmh akasema, kichwa nje ya dirisha, gari linarudi nyuma taratibu. "Nikamwambia kosa lilikuwa kwa dereva. Akacheka mpaka kalamu ikamdondoka. Halafu nimepita kwa binti yetu, anakusalimu, anasema mtoto kaota meno mawili, nikamwambia jino la kwanza la mama yake nililiona mimi kabla yako, nikakunyima habari siku mbili nzima, unakumbuka? Na mtoto mwenyewe ana..."

Pipa likalia gooo, maji yakamwagika ua mzima.

"Mbona hukusema hapo hapo?" akauliza Bwana Mmh, macho yamemtoka.

Mkewe alikuwa amesimama ndani ya maji, ndara zimelowa, mkono mdomoni.

"Nilikuwa nakusikiliza."