Goti la Sajini na Bakuli la Haboba

Nakumbuka wiki moja, mwanangu, ambayo usingizi ulinihama kwa sababu ya goti, na goti lenyewe si langu. Lilikuwa la mbwa.

Usicheke kwamba nakuita mwanangu. Mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu, na ingawa nina miaka ishirini na saba na sina hata unywele mmoja mweupe, wiki ile ilinizeesha. Umeniandikia kuuliza uchague chuo kipi, ukaambatanisha na jedwali. Nilipoliona jedwali nikajua damu yetu ni moja. Basi kaa kitako nikusimulie.

Sajini ni mlinzi wa ua wetu hapa Arua, mbwa mzito mwenye kifua cha askari mstaafu. Asubuhi moja alimfukuza kuku wa jirani, akakata kona vibaya, akarudi kwa miguu mitatu, wa nne kaukunja kama aliyekanyaga kaa la moto. Daktari wa mifugo alimlaza, akalishika goti na kulisukuma, likateleza mbele kama droo ya meza.

"Kano la ndani limekatika," akasema. "Kwa mbwa mzito hivi, goti halitatulia lenyewe. Mwenzangu mpasuaji anatoka Kampala Ijumaa. Nipe jibu kabla ya Jumatano jioni ili aje na vifaa. Safari yake nyingine haijulikani. Mpaka hapo, mfunge kamba fupi. Asiruke wala asizunguke."

Fedha nilikuwa nazo. Nilichokosa ni moyo. Nikikubali, atapewa nusukaputi, na nani amenihakikishia kwamba ataamka? Akifia mezani, nitakuwa nimemuua kwa sahihi yangu. Nikikataa, atachechemea maisha yake yote, na kila akipita uani nitasoma hukumu yangu katika ule mguu.

Sasa mimi, mwanangu, nina shahada ya mipango. Nikachora jedwali: kupasua huku, kutopasua kule. Kufikia Jumatatu lilikuwa limefika ukurasa wa nne, na lilikuwa na safu iliyoandikwa "Sajini mwenyewe angesemaje". Safu hiyo ilibaki tupu.

Kuuliza si ujinga, nikajiambia, nikaanza kuuliza. Na kwa kuwa sikuamini kwamba maneno yangu yangeeleza ule mguu ipasavyo, nilimbeba mgonjwa mwenyewe. Jumanne tulipanda boda boda hadi Dadamu kwa mjomba wangu, anayefuga ng'ombe. Njiani dereva naye akatoa ushauri.

"Dada, hii mbwa itapona yenyewe. Yangu iligongwa na lori, ikapona bila daktari."

"Iko wapi sasa?"

"Ilikufa. Lakini si juu ya mguu."

Mjomba alisema nimkande kwa samli. Mkewe akasema samli ni ya watu. Nilirudi na safu mbili mpya.

Jumatano, siku ya mwisho, nikakodi gari kwenda Koboko kwa Haboba. Ndivyo tunavyomwita nyanya katika nyumba yetu, na unajua kwamba katika ukoo huu hakuna anayeoa wala kujenga choo bila kumuuliza. Tulimkuta barazani, bakuli la maziwa ya mgando pembeni yake. Kabla sijashika kamba vizuri, Sajini alinusa maziwa, akaruka kutoka garini, akalia kwa uchungu, kisha akaenda kwa miguu mitatu na kuliramba bakuli mpaka likang'aa.

Haboba alivuta vazi lake lisiguswe na pua ile.

"Daktari alisema nini?"

"Alisema apumzike, Haboba. Asiruke wala asizunguke."

"Sasa iko Koboko kufanya nini?"

Nikamvuta Sajini kwa kamba, nikamkalisha.

"Mguu inataka kulala," akasema, "wewe natembeza kila mahali kuuliza watu kama ilale. Mbwa iko na goti mbaya. Wewe iko na kichwa mbaya. Chukua hiyo bakuli uoshe."

Dini imetufundisha kwamba chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Nikachuchumaa bombani. Nilianza kwa udongo, nikasuuza, nikahesabu kwa sauti mpaka saba. Halafu nikawaza: je, ile ya tatu ilifika ukingoni? Nikaosha ya nane. Na kama ya nane haikuwa na maji ya kutosha? Nikafungua bomba kwa ya tisa.

"We! Umeambiwa ngapi?"

"Saba, Haboba. Lakini wasiwasi ndiyo akili."

"Akili ni saba. Hiyo ya nane ni shetani nahesabu pamoja na wewe." Akanyoosha mkono. "Leta hapa."

Alilipokea, akaligeuza juani, akalijaza maji, akaliweka mbele ya Sajini.

"Haboba! Si nimelitakasa?"

"Bakuli iko yake tangu alipoiramba. Mimi iko na ingine. Nilitaka kuona kama unajua kumaliza kitu." Akanitazama. "Umeuliza daktari?"

"Nimemuuliza."

"Anajua kazi yake?"

"Anaijua."

"Unataka mbwa itembee?"

"Nataka, Haboba. Lakini akifa?"

"Akifa utalia, na mimi nitalia kidogo. Lakini utakuwa umefanya yako. Ya Mungu usimsaidie kufanya. Piga simu."

Nikapiga, mikono bado ina tope. Nikamwambia daktari, "Mpasueni." Ni neno moja tu, mwanangu, na kurasa zangu nne hazikulifikia.

Ijumaa nilimshika Sajini sikio mpaka alipolala. Aliamka jioni, akatapika juu ya kiatu changu, nikamshukuru Mungu kwa yote mawili. Wiki nyingi tulimfunga kamba fupi, na safari hii nilitii. Leo anatembea kwa miguu minne. Asubuhi za baridi huchechemea kidogo, mpaka amwone yule kuku.

Nasaha yangu ni fupi. Uliza, lakini muulize anayejua, na ukishauliza, nenda. Kuwaza kuna kipimo chake kama kuosha. Ukipita hapo husafishi tena, unamwaga maji. Na wakati wewe unatafuta uhakika, yule unayemhangaikia anaruka kutoka garini kwa mguu mbovu. Jedwali lako nimelisoma. Chuo unachokitaka umekiandika kwanza, kwa herufi kubwa. Jaza fomu leo.

Mwenyezi Mungu akupe wachache wa kuwauliza nao wawe wakweli, akupe moyo wa kubeba jibu lako, na mkono wako ukifika saba ufunge bomba. Amina.