Masomo Manane Yaliyobaki Likoni

Jambo la kwanza nililoliona kwa Mwalimu Mwanakheri ni wepesi wa mkono wake katika kufunika vitu. Nilipobisha hodi darasani kwake Mtongwe, upande wa Likoni, kabla hajaitika, alikwisha kuvuta leso begani na kuitupa juu ya kitu kilichokuwa mezani. Kitu chenyewe kikaendelea kusema chini ya leso, kwa sauti ya huyo huyo mwalimu: "Weka kidole chini ya mdomo wa punda." Watoto kumi walioizunguka meza, wenzao wakiwa bado uwanjani, wakaweka vidole kwenye vitabu vyao. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa kunitazama.

Nilikuwa nimetoka maktaba ya mtaani, ambako ninajitolea tangu nihitimu mwaka jana, kuwasaidia walimu kuandika maombi ya ufadhili. Kulikuwa na mfuko uliotangaza kwamba utawasaidia walimu wenye mbinu mpya za kufundishia kwa teknolojia. Ungewapa fedha za mwaka mmoja, fundi wa kuiboresha kazi yao na mshauri wa kuwaongoza. Mwalimu Mwanakheri alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu. Alitaka kujua kama huo ndio mfuko uliompa Tima.

Nikamwambia ndio huo.

Tima alisoma naye chuo cha ualimu, na kwa miaka minne walifundisha chekechea pamoja hapo Mtongwe, mpaka Tima alipoolewa Bombolulu na kuhamia shule ya huko. Mwaka juzi alibuni programu ya simu ya kuwafundisha watoto herufi. Mfuko ukamfadhili, na picha yake ikatoka gazetini akiwa amekaa na wageni. Mwalimu Mwanakheri aliijua picha hiyo kuliko mwenyewe aliyepigwa. Alinitajia rangi ya mtandio, idadi ya wageni, na kwamba simu aliyoishika Tima ilikuwa imezimwa.

"Na yule," akaniambia, "alikuwa hawezi hata kuchora yai ubaoni. Nilikuwa namchorea mimi."

Kazi yake mwenyewe ilianza kwa maumivu ya koo. Alikuwa na watoto sitini katika chumba kimoja, na kila ikifika Jumatano sauti ilikuwa imemkauka. Basi akaanza kujirekodi kwa simu siku ya Jumamosi, sauti ikiwa nzima, na Rashad, fundi wa simu wa karibu na feri, akawa anamhamishia masomo kwenye memori kadi. Alinunua redio ndogo sita za kutumbukiza kadi, zile zinazosikilizwa na wauza kahawa, akawagawa watoto kumi kwa kila redio. Kila anapogonga gilasi kwa kijiko ndani ya rekodi, watoto wanafungua ukurasa mwingine wa kitabu alichokichora mwenyewe na kukitoa nakala. Masomo yote kumi na manne ni kisa kimoja cha punda aitwaye Sharubu, anayebeba maji ya shule na kugoma kwenda mbele kila aonapo herufi njiani. Hakuna intaneti wala kioo cha kukodolea macho. Mwishoni mwa muhula wa pili, watoto walioanza bila kujua herufi moja walikuwa wakisoma sentensi nzima. Niliwasikiliza mmoja mmoja, na sitaficha kwamba roho iliniuma kidogo. Mimi pia niliwahi kuandika ombi kama hilo nilipokuwa chuo kikuu, lenye michoro mingi ya rangi, nikakataliwa.

Tatizo ni kwamba kwa miaka miwili hakuwa amemwonyesha mtu. Walimu wenzake walijua ana redio darasani, wakadhani anawawekea watoto kaswida. Alinieleza kwamba jambo likionekana kabla halijatimia, huharibika. Husuda ipo, na yeye hahitaji kuhadithiwa na mtu.

"Mimi nikimtazama Tima kwenye lile gazeti," akasema, "najua jicho langu lina nini."

Fomu ya mfuko, hata hivyo, ilitaka mwalimu wa shule nyingine aitumie kazi hiyo kwa wiki tatu, kisha amwandikie afisa wa mfuko alichokiona. Ilisema pia kwamba barua ya mtu aliyewahi kufadhiliwa ingepewa uzito zaidi. Pwani nzima tulimjua mmoja. Mwalimu Mwanakheri alikaa siku nne bila kunijibu. Siku ya tano tukavuka feri pamoja hadi Bombolulu, yeye akiwa na kikapu chenye redio moja na vitabu kumi.

Tima alimpokea kwa kumkumbatia, akamwita shoga yangu, akatuletea maji ya ukwaju. Picha ya gazeti ilikuwa ukutani, imetiwa fremu, na Mwalimu Mwanakheri akachagua kiti cha kuipa mgongo. Tima aliisikiliza redio kwa dakika chache, hakuuliza mengi, akasema atajaribu na watoto wake.

Wiki tatu baadaye nikapokea nakala ya barua yake. Ilikuwa fupi: "Watoto walijifunza haraka kupita nilivyotarajia hadi somo la sita. Baada ya hapo hakuna kitu. Kazi hii haijakamilika." Siku hiyo hiyo Winfred, afisa wa mfuko, akanipigia simu. Alisema kazi isiyokamilika hawawezi kuifadhili, lakini kwa kuwa barua ilisifu mwanzo wake, kamati itakuja Mtongwe Ijumaa ya wiki inayofuata kujionea. Baada ya hapo wataamua.

Nilikwenda mbio hadi Mtongwe. Nilimsomea Mwalimu Mwanakheri barua ile, nikamtaja Tima kwa maneno ambayo sikufundishwa nyumbani. Akaniacha nimalize.

"Hakusema uongo, mwanangu," akasema. "Nilimwambia Rashad aweke masomo sita tu, na vitabuni nikaacha kurasa za hayo sita. Nilihofu nikimpa yote kumi na manne, mwezi ujao yatakuwa ndani ya simu yake, na picha nyengine gazetini."

Nikashauri tumwambie Winfred kwamba kadi ilikuwa mbovu. Akanitazama hadi nikainamisha kichwa. Kadi ikiwa mbovu, alisema, lawama ni ya Rashad, na Rashad hakumkosea kitu.

Jumamosi tulivuka tena, safari hii na kadi yenye masomo yote na kurasa zilizobaki. Tima alitukaribisha na kutuandalia chai, lakini hakumwita mtu shoga. Mwalimu Mwanakheri aliiweka kadi mezani na kukiri alichokifanya, bila kukipunguza wala kukipamba.

"Basi ulinipa punda nusu," Tima akasema.

"Nilikupa nusu."

Tima akaeleza kwamba wiki nzima watoto wake walikuwa wakimuuliza Sharubu alikwenda wapi baada ya daraja, kwa kuwa somo la sita linaishia hapo. Alijaribu kuwatungia mwisho wake mwenyewe, wakaukataa. Mmoja alimwambia huyo si Sharubu, ni punda mwengine.

"Programu yangu ina miaka miwili," akasema, na sasa alikuwa anaitazama chai. "Hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuniuliza kesho kuna nini. Nilipoandika ile barua nilikuwa na wivu, wallahi. Lakini kila neno lilikuwa kweli."

"Lilikuwa kweli. Na mimi ndiye niliyelifanya likawa kweli."

Mwalimu Mwanakheri akamwomba aandike barua nyingine. Tima akakataa. Hawezi kuyatolea ushahidi masomo ambayo hajayasikia. Atawasikilizisha watoto wake mawili kila siku, kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, na Ijumaa asubuhi atavuka aje kuiambia kamati kwa mdomo wake alichokiona.

"Nikiona ni baya, nitasema ni baya," akasema.

"Sema."

Tangu hapo tumepata habari moja tu. Jumatano Tima alituma ujumbe wa sauti, akiuliza kama katika somo la kumi na moja Sharubu alikula mahamri ya mwalimu kwa makusudi au kwa njaa. Mwalimu Mwanakheri aliusikiliza mara nne, akitafuta kama sauti ile imependezwa au imechukizwa. Akanipa na mimi niusikilize. Sikuweza kujua. Nyuma ya sauti ya Tima kulikuwa na kelele za watoto, nazo pia hazikueleweka kama ni za kucheka au za kugombana. Mwalimu Mwanakheri akaandika kwamba ilikuwa njaa, akafuta, akamjibu kwamba watoto waamue wenyewe.

Leo ni Alhamisi. Redio zote sita zimetiwa chaji na madawati yamepangwa. Kamati itafika kesho saa tatu, na Tima ameahidi kuwa hapa saa mbili na nusu, inshallah. Mwalimu Mwanakheri ameniomba nisimame langoni tangu saa mbili, nikimwona tu Tima anashuka kwenye bodaboda nimpigie yeye simu darasani, hata kabla sijamtolea salamu.