Maneno ya Wimbo wa Jumamosi

Juzi nilikaa benchi la ofisi ya wilaya tangu asubuhi, hadi hasira zenyewe zikachoka. Mbele yangu alisimama mama wa Temeke, mtunzi wa nyimbo za lelemama, ile ngoma ya wanawake kutupiana vijembe na kujibizana, akiomba kibali cha mashindano ya Jumamosi dhidi ya wanawake wa Kinondoni.

Karani hakuinua macho. "Taja kwanza maneno ya wimbo wako."

"Sina bado, mwanangu. Wenzetu ndio wanaanza. Nitawajibuje hawajanitukana?"

"Bila maneno hakuna kibali."

Mama akashusha pumzi, akajifunga kanga upya, akaimba taratibu wimbo wa kumshukuru bwana mkubwa wa wilaya kwa barabara ambayo sisi wa Temeke tunaijua kwa matope yake. Karani akatabasamu, akagonga muhuri.

Mie sipendi uongo. Nje nikamuuliza, "Huo utauimba kweli?"

"Nitauimba, kaka. Mwanzo kabisa, watu wakiwa bado wanatandika mikeka."

Nilitaka kumkemea, nikaona nitamwonea. Mkubwa anayetaka jibu kabla ya tusi, muacheni asifiwe.