Maji ya Kuoga Waliyoyaita Machozi

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kamera. Mwenye studio, mfanyabiashara wa Kasulu mjini ambaye ukoo wake ulitoka pwani, alinikalisha kwenye benchi mlangoni akaniambia niwaangalie wateja wanavyojiandaa. Kutwa nzima. Nilikuwa kijana mwenye damu moto, nikijiona fundi tayari, na jioni nilimuuliza kama ameniajiri niwe mlinzi. Akaniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona watu wakichana nywele. Basi kesho kaa tena, akasema.

Ninyi vijana mnaonijia na simu zenu kuuliza ubunifu unakuzwaje, hamtaki kusikia habari za benchi. Mnataka niwatajie filta. Juzi mmoja alinionyesha picha ya bibi yake wa Murungu, kamvizia akipepeta maharage, kaigeuza nyeusi na nyeupe, mikunjo kaikoleza mpaka bibi wa watu kawa kama gome la mti. Nilimuuliza kama bibi mwenyewe ameiona. Alicheka, akasema bibi hataelewa. Nilikasirika, na bado nimekasirika, ndiyo maana naandika.

Huku kwetu mtu akiambiwa anapigwa picha husema, "Ngoja kwanza nikaoge." Anaoga, anapaka mafuta, anavaa nguo ya kanisani au ya Idi, na kama hana viatu anaazima kwa jirani, kwa sababu picha lazima ioneshe miguu. Picha iliyokata miguu ilirudishwa. Mwenyewe alidai umemfanya kiwete. Mimi nilitamani nyuso tu, kwa karibu, kama nilivyoziona magazetini, na mambo ya miguu niliyaona ushamba. Mwenye studio hakubishana nami. Alisema, "Picha ni yake. Wewe tafuta yako humo humo ndani ya yake."

Ilichukua miaka kumwelewa. Mteja akiwa anaoga, mimi nilikuwa natazama mwanga unaingilia wapi. Akirudi, niliangalia anavyotembea na viatu vya watu, na mkono upi haujui ukae wapi. Nikaacha kuwasimamisha watu mbele ya pazia lililochorwa maua, nikawasimamisha mlangoni, mwanga wa ubavuni ukawapata kuanzia kichwani hadi visiginoni. Hakuna aliyenifundisha hilo. Wateja walianza kuomba "ile ya mlangoni", na mwenye studio akaliviringisha pazia lake akaliweka darini.

Kutoka hapo nilihamia Kibondo, nikaajiriwa na shirika moja lililohudumia wakimbizi. Walinitaka kwa kamera yangu na kwa Kiha changu, ambacho Warundi wa kambini walikielewa bila shida. Bosi wangu alikuwa Afisa Habari, mtu wa suruali zenye mifuko mingi, ambaye kungoja kulimuumiza kama jino. Kila mtu akiomba kwenda kuoga, yeye alitaka nipige kabla hajaingia ndani. Nilikuwa najifanya mkanda umekwama, nafungua na kufunga mpaka mtu wa watu atoke akiwa safi.

Ndipo tukafika kwa Mama Veronika. Alikuwa mjane, na katika kukimbia vita alipotezana na binti yake wa pekee, Godeliva. Alikuwa amesikia kwamba binti yuko hai, amerudi Burundi. Aliponiona na kamera aliniomba jambo moja: nikimaliza nimpe nakala, aipeleke kwa wachuuzi wa Manyovu wanaovuka mpaka, ili Godeliva ajue mama yake ni mzima na hajadhalilika. Akaingia kuoga.

Afisa Habari akaanza kumhimiza kwa sauti kutoka nje. Yule mama akatoka mbio, kitenge cha njano, viatu vya kiume vya jirani vikimpwaya, maji bado yanamtiririka mashavuni. Afisa akanigeukia.

"Mwambie akavae zile za mwanzo."

"Hayo siwezi kumwambia."

"Nani atamhurumia mtu aliyevaa hivi?"

 Nilimsimamisha Mama Veronika mlangoni kwake, akainua kidevu, nikapiga. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizopiga maishani, nasema bila aibu. Niliisafisha mwenyewe, nikampa nakala yake, naye akamkabidhi mchuuzi mmoja wa Manyovu. Ofisi ikachukua nakala nyingine, mkanda ukabaki kwangu.

Kisha ikatoka kalenda ya shirika, na picha ile imo. Afisa Habari alikuwa ameikata. Kitenge hakipo, viatu havipo, mlango haupo. Umebaki uso peke yake, umekuzwa, na yale maji shavuni. Chini wameandika: Machozi yake yanakuita. Niliingia ofisini kwake na kalenda mkononi. Nikamwambia yale si machozi, ni maji ya kuoga, tena yeye ndiye aliyemfanya asijifute.

"Anayeitazama hajui hivyo," alijibu, na hakuinua hata macho. Niliacha kazi siku hiyo hiyo.

Mama Veronika aliiona kalenda ukutani kwenye zahanati ya kambi. Alinifuata nikifunga mizigo yangu. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, mimi sikulia. Wewe ulikuwepo."

Nilirudi Kasulu nikafungua studio yangu mwenyewe, nikaifanyia kazi mpaka mgongo na macho vilipokataa. Yule mama baadaye alipata uraia, akalima Kumsenga, na huko ndiko alikozikwa. Kila tulipokutana nilimuuliza kama Godeliva amejibu. Jibu halikuja kamwe.

Mwaka jana, nikiwa nimeshastaafu, alikuja nyumbani mama mmoja wa makamo, akaniamkia, akajitambulisha kuwa ndiye Godeliva; majirani wa marehemu mama yake kule Kumsenga ndio waliomwelekeza kwangu. Mkononi alikuwa na karatasi ya ile kalenda, imekunjwa mpaka imelegea. Aliikuta zamani ikiuzwa pamoja na karatasi za kufungia karanga, upande wa pili wa mpaka. Ile nakala aliyopewa mchuuzi wa Manyovu haikumfikia hata siku moja. Miaka yote alijua mama yake yuko mahali fulani analia, naye hana namna ya kumfikia, na alipoweza kuja alikuta kaburi.

Nikamweleza yote. Nikamtolea picha nzima, kitenge, mlango na miguu. Aliitazama, kidole kikapita kwenye kitenge kikashuka mpaka chini.

"Hivi viatu si vyake," alisema. "Mlimvika ninyi."

Nilimwambia aliviazima kwa jirani, kama tunavyofanya sote, kama bila shaka yeye mwenyewe alivyofanya utotoni. Alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anavyomsikiliza mzee aliyeanza kuchanganyikiwa. Kisha akanyoosha ile karatasi ya kalenda juu ya meza yangu.

"Baba, naomba unitengenezee hii, iwe kubwa. Huyu anayelia ndiye mama yangu."

 Nilikataa kuigusa ile ya kalenda. Nilimpa ile nzima, akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kutafuta kijana mwenye kompyuta mjini amkuzie ile nyingine.