Nilivyoiongoza Ndege kwa Tochi

Giza lilikuwa limeingia ndege iliyomleta marehemu kaka yangu ilipotua Bukoba. Tuliambiwa tusubiri kando ya gari la mizigo. Lakini kwetu Kishanda, gari la msiba likiingia migombani usiku, ndugu hulitangulia na tochi. Basi nikaiendea ndege ikiwa bado inatembea, nikaimulika: "Njoo, njoo, nyoosha!" Ikasimama. Nikadhani tumeelewana na rubani, nikasogea. Mlinzi akanidaka kiunoni, tukaanguka wote. Ndipo nilipoliona pangaboi la ndege likizunguka mbele yangu.

"Mzee, nani amekuambia uongoze ndege?"

Namshukuru Mungu, namshukuru na mlinzi yule. Tochi ilikuwa bado inawaka mkononi mwangu mjane wa kaka alipofika, akacheka huku machozi yakimtoka: "Shemeji, ulikuja kumpokea au kumfuata?"