Kiganja cha Mzee Msasa

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mzee Msasa, kwa sababu maisha yake yote alikuwa akipiga msasa na vanishi samani za watu, na kwa sababu ukimpa mkono kumsalimia ulirudi umekwaruzwa. Kabati lililopasuka, meza iliyoliwa na mchwa, mlango uliopigwa teke na mlevi, vyote vilitoka kwake vinang'aa. Siri yake ilikuwa gundi na unga wa mbao. Alivichanganya, akajaza ufa, akasugua, akapaka rangi, kisha akafumba macho na kupitisha kiganja. Kiganja kikiteleza bila kukwama, kazi imekwisha. Ufa ulikuwa bado umo ndani, lakini nani angeujua?

Alikuwa na binti mmoja, ambaye tangu utotoni aliitwa Redio. Mtoto yule hakuishiwa maneno. Alianza kusimulia akipiga mswaki asubuhi, na usiku usingizi ulimchukua na nusu ya habari ikiwa mdomoni. Alipokua aliingia chuo cha ufundi kusomea magari. Likizo alirudi na mafuta meusi kwenye kucha, akakaa jikoni kumweleza mama yake habari za gia na mikanda, na mama mtu akawa anaitikia "Enhe!" kana kwamba anaelewa.

Kisha mama akafa, na Redio ikazimika. Sasa ulikuwa mwaka wa pili. Chuo aliacha. Spana zake alizitia kwenye begi, begi likaingia uvunguni, naye akaingia chumbani. Alitoka kuosha vyombo na kufua, basi. Maneno aliyobaki nayo yalikuwa "ndiyo", "hapana" na "nimeshiba". Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Mzee Msasa alikaa akiusubiri huo mshindo mpaka akakata tamaa. Alikuwa hawezi tena kula mezani peke yake, alikula amesimama karibu na jiko kama mtu anayesubiri kuitwa.

Aliyemwambia ukweli alikuwa dada yake, shangazi wa Redio, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kufungwa breki. "Kaka," alisema, "huyu mtoto anakauka. Chakula unampa, sawa, lakini mpe na kitu cha kufanya."

Mzee Msasa akafikiri sana. Ukutani mwa chumba cha bintiye kulikuwa na picha moja tu, iliyokatwa kwenye kalenda ya zamani: gari la spoti, jekundu, la milango miwili, limelala chini kama linanusa barabara. Akaulizia huku na huku mpaka akasikia kwamba muuza mitungi ya gesi analo la namna ile, kuukuu, anataka kuliuza. Halikimbii sana, walisema, lakini kwa mtu anayeanza kujifunza ufundi ndilo lenyewe. Akiba yake ya uzeeni ingetosha, ingawa isingebaki kitu.

"Gari la watu wawili?" shangazi alimaka. "Na mimi mtanifungia kwenye buti kama tairi la akiba?"

"Wewe tutakufunga mbele," alijibu kaka yake. "Uwe honi."

Siku iliyofuata alisimama mlangoni kwa Redio. "Mama," alisema, maana ndivyo alivyomwita binti yake tangu akiwa mdogo, "kuna gari nataka kulinunua, tulitengeneze mimi na wewe. Mimi hata boneti sijui inafunguliwaje. Twende ukaniangalizie." Alikuwa ameshageuka kuondoka aliposikia kitanda kikilia, kisha begi likiburutwa kutoka uvunguni.

Gari lilikuwa nyuma ya duka, limefunikwa turubai kati ya mitungi mitupu. Mwenyewe, mtu mpole mwenye shati jeupe, alivuta turubai kwa mbwembwe, na rangi nyekundu ikawametea machoni. Mzee Msasa alisema "Salaala!" kabla hajajizuia. Redio yeye alilaza mkono juu ya boneti.

"Ina moto," alisema. "Injini ameshaiwasha kabla hatujafika."

"Nimeipasha kidogo tu, dada'ngu, ili msisubiri," alisema mwenye gari.

"Tungesubiri. Ikiwaka ya baridi ndipo inaposema ukweli."

Mzee Msasa alimsogelea. Binti yake alikuwa amesema maneno mengi kuliko aliyosema mwezi mzima uliopita, na hakuwa amemaliza. Alifungua kifuniko cha oili, akanusa, akasema haipendi hiyo harufu. Akafunua zulia la ndani, akaligusa. "Limelowa, Baba. Maji yanaingia kutoka chini." Akapiga magoti, akachungulia uvungu wa gari, akaanza kueleza kitu kuhusu mabomba ya breki. Baba mtu hakuwa akisikia habari za breki. Alikuwa akisikia sauti. Laiti lile gari lingekuwa na kasoro mia nyingine, angefurahi, mradi azitaje zote.

Lakini mwenye gari hakuwa mjinga. Alipoona binti amempanda kichwani, alimgeukia baba, akamvika kilemba cha ukoka. "Mzee wangu, wewe si ndiye Msasa mwenyewe? Kabati la mke wangu ulilitengeneza wewe, mpaka leo wageni wanadhani jipya. Mikono kama hiyo haidanganyiki. Hebu liguse mwenyewe, uniambie."

Mzee Msasa akafumba macho. Akapitisha kiganja kuanzia taa ya mbele, mlangoni, mpaka nyuma, polepole, kama anavyofanya kazini. Kiliteleza. Hakikukwama popote.

"Bodi hii ni nzima," alisema.

"Baba, ngoja." Redio alikuwa ametoa kitu mfukoni. Baba yake alikitambua mara moja: ile sumaku ya marehemu mkewe, aliyokuwa akiokotea pini sakafuni baada ya kushona. Hakujua kwamba binti yake anatembea nayo. "Sumaku inashika bati, haishiki puti wanayojazia matundu. Tupitishe hapa chini ya milango. Kutu huanzia huku."

Mwenye gari alicheka kwa nguvu. "Leo nimepatikana! Nimeletewa daktari!" Wateja wawili waliokuwa wakisubiri mitungi wakageuka kutazama.

Ni hilo tu lililommaliza Mzee Msasa, macho ya watu wawili asiowajua. "Weka hicho, mama," alisema. "Usituaibishe, watu wanatazama. Mimi kitu kizima nakijua, nimeshika vitu kabla hujazaliwa."

Mkono wa Redio ulibaki hewani kidogo na ile sumaku, kisha ukarudi mfukoni. Hakusema neno tena. Wala hakununa, alisimama tu pembeni kama anavyosimama jikoni. Baba yake akapeana mkono na yule bwana, na gari likawa lao. Mganga hajigangi, na mtu aliyeishi kwa kujaza nyufa za wenzake hakuona ufa uliojazwa mbele ya pua yake. Njiani gari lilikohoa na kutoa moshi, naye alikuwa akijichekea peke yake, akidhani kimya cha pembeni yake ni uchovu.

Kesho yake asubuhi alimkuta Redio uani amevaa ovaroli yake ya chuo. Matumaini yakampanda tena, mjinga wa watu. Akamletea chai na kigoda, akakaa kutazama. Redio aliweka jeki chini ya mlango, akaanza kuipampu. Badala ya gari kunyanyuka, jeki ikazama ndani yake, kwa mlio wa biskuti inayovunjwa. Rangi ikapasuka. Kipande kinene kikadondoka, na nyuma yake kukaonekana wavu wa dirisha, magazeti yaliyoshindiliwa, na kutu iliyomwagika chini kama majani ya chai. Redio akaingia uvunguni na bisibisi. Mzee Msasa aliisikia ikigonga, halafu ikitoboa, ikagonga tena, ikatoboa tena.

"Limekatwa," sauti ilisema kutoka chini. "Ni magari mawili, yameungwa katikati."

"Linatengenezeka?"

"Hapana."

"Hata tukienda pole pole? Mimi na wewe?"

"Hakuna pa kuweka jeki, Baba. Hakuna pa kuchomelea. Kutu imekula yote."

Mzee Msasa aliokota kile kipande cha puti, akakigeuza. Ilikuwa kazi safi. Aliyeifanya alijaza kwa subira, akasugua kwa subira, na mwisho, bila shaka, alifumba macho akapitisha kiganja. Lingekuwa kabati, angemsifu.

"Sasa mbona hukunikazania, mama?" alisema. Katika maneno yote Mungu aliyowapa watu, aliyachagua hayo.

Redio alitoka uvunguni, akajifuta mikono kidole kimoja kimoja. "Nilikuambia," alisema. Kisha, bila kupandisha sauti: "Na ya mama pia nilikuambia."

Alikuwa amemwambia, kweli. Ilikuwa likizo ile ya mwisho. Alimwona mama yake akipanda ngazi kwa kushika ukuta, akaja sebuleni kusema mama anaumwa, apelekwe hospitali kubwa wakamwangalie ndani. Palikuwa na wageni. Mama alikuwa amejipaka mafuta, anacheka, na Mzee Msasa alimtazama uso akasema, "Mama yako mzima, huoni anavyong'aa? Usituaibishe mbele za watu." Walipokuja kumpeleka, ilikuwa ni kwenda kuambiwa kwamba wamechelewa. Siku ile Mzee Msasa aliifukia zamani, akaisugua mpaka ikawa laini. Alidhani ni yeye peke yake anayejua iko wapi.

Redio alimwekea sumaku kiganjani, akaingia ndani, akafunga mlango bila kuubamiza. Baadaye likasikika begi likirudishwa uvunguni.

Mzee Msasa alishinda uani akipitisha sumaku kwenye gari. Mlangoni ilianguka, akaiokota. Juu ya tairi ikaanguka. Nyuma ikaanguka. Ilishika paa tu. Alikuwa bado anaendelea jua lilipopungua, na shangazi akaingia na kapu lake mkononi.

"Eh, kaka! Wekundu wote huu! Redio yuko wapi?"

"Ndani."

"Bado hasemi?"

"Amesema."

Shangazi aliweka kapu chini, akapiga makofi. "Mungu mkubwa! Si nilikuambia? Mpe kitu cha kufanya, nilisema! Haya, amesema nini? Niambie neno kwa neno."

Mzee Msasa aliirudisha sumaku mlangoni, ikaanguka. Dada yake akasubiri, anatabasamu.